Shavu la Mfanyakazi wa Saba

Kila Jumatatu makumbusho yetu hufungwa kwa wageni, na hiyo ndiyo siku yangu ya kumziba kaka yangu shavu. Nakoroga jasi kwenye bakuli la plastiki, unga mweupe na maji ya vuguvugu, naiacha ishike kidogo, halafu napaka kwa kisu butu mpaka shimo linajaa. Wiki yenye shule nyingi, shimo huwa na kina cha kidole. Wakati wa likizo kazi hupungua. Nikimaliza nasugua kwa msasa, napaka rangi ya ngozi, nanawa mikono, kisha nasaini kitabu cha matengenezo: "Msaliti, shavu la kushoto, limezibwa."

Naanza na shavu kwa sababu ndilo linalonikera zaidi. Mengine nitayasema kwa mpangilio, na atakayeniona mtu mbaya asione haya kusema.

Kazini wananiita Fundi Sura. Wale watu wa jasi mnaowaona wamesimama kwenye kumbi, wanajeshi, wakulima, wauguzi wenye vikapu, ni mimi niliyewatengeneza. Watu hudhani sura huchongwa kwa kubahatisha. Hapana. Sura huchukuliwa kwa mtu aliye hai. Unamlaza chali, unampaka uso mafuta ya mgando, unamtia mirija miwili puani apumue, unamfunika kwa bandeji zilizolowa jasi na kumwambia asicheke. Dakika ishirini. Ikikauka unaibandua, na ndani yake umo uso wake wote hadi vikunyanzi vya macho. Hiyo ndiyo kalibu. Ukimimina jasi humo, unampata mwenyewe.

Nilipokuwa najifunza kazi, uso wa kwanza niliouchukua ulikuwa wa kaka yangu. Alikuwa fundi wa breki kwenye karakana ya reli, na mtaa mzima ulimwita Breki, ingawa mdomo wake haukuwa nazo hata kidogo. Nilimwambia asicheke, akacheka. Pembe moja ya mdomo iliinuka jasi ikiwa bado mbichi, ikabaki vivyo hivyo. Nilimtukana kwa kuniharibia kazi. Akaniambia nimshukuru, maana nimepata sura yenye uhai, si kama za mwalimu wangu zinazoonekana zimevimbiwa.

Miezi minne baadaye wafanyakazi wa karakana waligoma. Serikali ya wakati ule ilituma askari, askari wakalizingira jengo, wakapiga risasi, mapipa ya mafuta yakashika moto. Kaka yangu alikuwa ameshatoka. Hili mchomeleaji mmoja alikuja kumweleza mama, mikono yake imefungwa vitambaa hadi viwikoni: Breki alitoka kwa dirisha la nyuma akiwa mzima kabisa, akasikia mwenzake anaita, akarudi ndani. Aliyekuwa anaita ni yeye mchomeleaji. Breki alimsukuma nje kwa dirisha lile lile, kisha paa likashuka. Mchomeleaji mwenyewe hakumaliza mwaka, kifua kilimmaliza.

Maiti hatukupewa. Wiki iliyofuata polisi walikuja kupekua nyumba, wakabeba kila picha yenye uso wa kaka, hata ile ya darasa la nne ambamo alionekana sikio tu nyuma ya mwenzake. Mama aliwafuata hadi barabarani akiomba arudishiwe hiyo moja. Askari mmoja akamwambia azae mwingine.

Kwa hiyo kaka yangu alibaki mahali pawili tu. Alibaki kwenye maneno ya mama, ambaye kila mwaka siku ile alituketisha, mimi na yeyote aliyekuwepo, akasimulia habari ya dirisha bila kuongeza wala kupunguza. Na alibaki kwenye kalibu, juu ya rafu yangu, imefungwa gunia.

Serikali ile ikaanguka. Iliyokuja iliwapenda wagomaji kuliko mama zao walivyowapenda. Ikaamuru ujengwe Ukumbi wa Karakana, ndani yake wasimame wafanyakazi saba wa jasi, mashujaa waliotangulia kudai haki. Sita walipewa majina. Mama alipanga foleni siku tano ili kaka naye aandikwe, akarudishwa kila dirisha la ofisi kwa swali moja: cheti cha kifo kiko wapi? Cheti hakitolewi bila maiti, na maiti hatukuwa nayo. Basi wa saba akaandikwa "Mfanyakazi Asiyejulikana", nami nikaambiwa nimpe sura yoyote.

Nikajiona mjanja. Mlango ulipofungwa nilifungua gunia, nikapaka kalibu mafuta, nikamimina. Kalibu ilikuwa imezeeka, ikavunjika vipande vipande wakati wa kubandua, lakini sura ilitoka safi, pembe ya mdomo imeinuka. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto. Kesho yake nilimleta mama.

Alimzunguka mara mbili, akamtazama kisogoni, akasema kola ya shati imekaa vibaya, kaka yako hakuvaa hivyo. Nikairekebisha. Tangu hapo kila Alhamisi, siku ya wazee kuingia bure, alikuja na kukaa kwenye benchi mbele yake. Alimpa habari za mtaani: nani kaoa, nani kaachwa, nani kajenga choo kikamporomokea. Miaka minane. Walinzi walimzoea, wakamwita Mama Alhamisi. Hakuna aliyejua kwamba yule wa saba ni wake, maana nilimkataza kusema. Sura ya ndugu yangu kwenye mali ya serikali, bila kibali, ilikuwa kosa la kufukuzwa kazi. Nilidhani kufukuzwa ndilo jambo baya kuliko yote linaloweza kutupata.

Kisha madereva wa treni wakagoma. Safari hii waligoma dhidi ya serikali hii hii yenye ukumbi.

Haikupita mwezi akatufikia mtu wa Idara ya Kumbukumbu ya Taifa. Sisi tulimwita Masahihisho, kwa kuwa hakuacha kalamu nyekundu hata akienda msalani. Mtu mpole, sauti ya chini, anakuuliza habari za mgongo wako na anasubiri jibu. Tulitembea naye ukumbini, mimi, yeye, na mwongozaji wetu, dada mmoja aliyekariri maelezo ya kumbi zote neno kwa neno, mwenye fimbo ya kuelekezea.

"Fundi, kazi ni nzuri," Masahihisho akasema. "Ila historia yenyewe ina upungufu."

"Upungufu gani, mzee?"

"Haina mkosaji."

"Si ipo ile serikali iliyopiga risasi?"

"Hiyo ilishakufa, fundi. Mtoto wa shule atamchukia vipi marehemu? Anaingia hapa, anaona watu wamegoma, wamekuwa mashujaa. Anatoka anajua kugoma ni kuzuri. Juzi tumeona wenyewe yaliyotufika." Akasimama mbele ya wa kwanza. "Huyu ana jamaa?"

"Mjomba wake ni mbunge," mwongozaji akajibu.

"Na huyu?"

"Ameacha wajane wawili, mzee, na wote wana midomo."

Akapita mmoja mmoja. Nilianza kuelewa tunakoelekea. Alipofika kwa wa saba hata hakuniuliza mimi.

"Huyo hana mtu," mwongozaji akasema. "Hajulikani."

Masahihisho akamsogelea kaka yangu, akavaa miwani. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akatabasamu kama mtu aliyekipata kitu alichokuwa anakitafuta mifukoni.

"Hebu muone," akasema. "Wenzake wanaungua, yeye anacheka. Miaka yote hii alikuwa hapa hapa mbele yetu." Akanishika bega. "Fundi, wewe una jicho. Hii sura uliitoa wapi?"

"Kichwani tu, mzee."

"Mungu amekupa kipaji."

Ningeweza kusema. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema, na jibu ni fupi: niliogopa. Msaliti akipata jamaa, jamaa wenyewe tungekuwa mimi na mama, na walioitwa jamaa wa wasaliti tangu mgomo wa treni tuliwaona wakipakiwa kwenye gari, wengine hatukuwaona tena. Nikafyata mkia. Nikauliza kama rangi ya suruali ibadilishwe.

Ukumbi ukafungwa miezi mitatu. Mama nilimwambia wanapaka rangi. Maelezo mapya yalikuja yamepigwa muhuri, na mwongozaji akayakariri kwa siku mbili: palikuwa na msaliti mmoja aliyeahidiwa mambo makubwa na watu wa nje, akawachochea wenzake wagome, akawafungia geti kwa nje, ufunguo akautia mfukoni, akasimama kuwacheka. Risasi hazikutajwa. Nilitakiwa nimwekee ufunguo unaochungulia mfukoni. Niliutengeneza kwa madini ya risasi, yale ya kuchomelea, nikaupaka rangi ya shaba. Ulitoka mzuri.

Halafu Masahihisho akaniletea agizo la mwisho. Wananchi watakuwa na hasira, akasema, na hasira ya wananchi lazima ipewe njia. Itawekwa ngazi ya vidato vitatu mbele ya msaliti ili hata mtoto amfikie usoni. Atakayetaka atampiga kofi.

"Jasi haitahimili, mzee," nikasema. Nilidhani nimepata upenyo. "Wiki moja tu kichwa kitakuwa chini."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Nataka uso wa kupigika."

Nikamtengenezea uso wa kupigika. Nilimtoboa kaka kisogo, nikamjaza ndani katani iliyolowa gundi, nikaishindilia kwa kijiti mpaka nyuma ya mashavu. Katikati ya kazi niliinua nyundo. Nilikuwa peke yangu, saa nane mchana, mlango umefungwa. Pigo moja lingetosha, ningesema imeanguka. Lakini kalibu ilishavunjika na picha zilishabebwa. Ningeipiga ile sura, hapangekuwa na mahali popote duniani pa kumwona. Nikajiambia heri apigwe kuliko asiwepo. Nikaweka nyundo chini, nikaendelea kushindilia.

Waalikwa wa siku ya ufunguzi walikuwa wazee wa mtaa wa reli, na orodha ilipobandikwa, jina la kwanza lilikuwa la mama. Walinzi walimpendekeza wenyewe, kwa nia njema: hakuna raia aliyeupenda ukumbi ule kama Mama Alhamisi.

"Mama, usiende," nilimwambia asubuhi ile. "Presha yako haijatulia. Kutakuwa na watu wengi."

"Miezi mitatu sijamwona," akajibu, anatafuta kiatu cha pili. "Presha yenyewe ndiyo hiyo."

"Nenda Alhamisi ijayo."

"Kwani kuna nini leo?"

Nilikuwa na nafasi hapo, dakika nzima, yeye ameinama uvunguni. Nikasema, "Hakuna kitu." Nikamsaidia kupata kiatu.

Utepe ukakatwa, hotuba ikasomwa. Mwongozaji akasimama na fimbo yake, akayamwaga yale maneno bila kukosea hata moja, na alipofika kwa wa saba akaigonga fimbo kwenye mfuko wa suruali pale ufunguo ulipo. Wa kwanza kupanda ngazi alikuwa Masahihisho mwenyewe. Alimpiga kofi zito. Ukumbi ukalia. Shavu halikutikisika hata kidogo, na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia fahari ya fundi kabla sijakumbuka ni shavu la nani.

Kisha wazee wakapanga foleni. Mama alikuwa wa tisa. Hakuwa amesikiliza maelezo. Tangu aingie alikuwa anahangaika na benchi lake, ambalo lilihamishwa, na kumtafuta kaka mahali alipozoea kumwona. Alidhani foleni ni ya kutazama. Alimwona alipokanyaga kidato cha kwanza. Aliangalia ufunguo. Alisoma kibao cha maelezo polepole, midomo ikicheza, neno moja moja hadi mwisho. Halafu akageuka kunitafuta.

Nilikuwa ukutani na sanduku langu la vifaa, macho yamenitoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Jamani," mama akaanza kusema, sauti yake ya kawaida, "huyu si..."

Nilifika ngazini kabla hajamaliza. Nilimshika kiwiko kana kwamba namsaidia kupanda.

"Mpige, mama," nikamnong'oneza.

"Nini?"

"Mpige ushuke. Wanatutazama."

"Wewe ndiye umemfanya hivi?"

"Watajua ni wetu. Nakuomba. Mpige tu."

Sijawahi kutazamwa vile, na sitaki kutazamwa tena. Kisha akainua mkono, akamgusa shavu kwa ncha za vidole.

"Samahani, mama," akasema mpigapicha wa idara, kijana mchangamfu aliyechuchumaa chini na kamera. "Taa ya kamera haikuwaka. Rudia."

Mama akarudia.

"Hapo umejiziba uso kwa mkono. Geukia huku kidogo. Na hasira, mama, hasira! Hebu fikiria huyo ndiye aliyemuua mwanao."

Mara ya tatu mama alimpiga. Alimpiga kwa mkono uliofua nguo miaka hamsini, na mlio wake ulifika hadi kwenye ukumbi wa wanyama. Watu wakapiga makofi. Taa iliwaka. Masahihisho alitoa leso na kufuta macho, na hakuwa anaigiza. Nilikuwa karibu, nilimwona.

Nyumbani mama alinawa mikono, akakaa kitandani, kiganja kimefura. Nilimletea maji ya baridi kwenye sufuria, akakitumbukiza humo. Maji yakapoza moto wa kiganja.

"Shavu gumu," akasema. "Umetia nini ndani?"

"Katani. Na gundi."

"Ili lisivunjike?"

"Ndiyo, mama."

"Vizuri," akasema, akanipa kisogo.

Alhamisi iliyofuata hakwenda. Wala iliyofuata. Nilidhani yameishia hapo, kwamba tutaishi na jambo hilo kama wanavyoishi watu wengine na mambo yao. Lakini muhula mpya ulipoanza, kitabu cha historia cha darasa la tano kilitoka kikiwa na picha ukurasa mzima: mama yangu, mkono umetua, mdomo wazi, na kaka yangu anacheka. Chini yake waliandika: "Mama wa mtaa wa reli akionyesha hasira ya wananchi kwa aliyefunga geti."

Masahihisho aliileta picha nyumbani mwenyewe, kubwa, ndani ya fremu ya kioo. Alikuja na msumari na nyundo kwenye mkoba wake ili asitusumbue. Alimuuliza mama mahali anapopenda, mama akaonyesha ukuta unaotazamana na kitanda, naye akavua koti na kupigilia. Akanywa maji, akamuuliza habari za kiganja. Alipoondoka nilipanda kiti niishushe.

"Iache," mama akasema.

"Mama, utaweza kulala na hii?"

"Hiyo ndiyo picha ya mwanangu niliyo nayo. Shuka kwenye kiti changu."

Nikashuka. Na kweli, tangu polisi wapekue, ilikuwa mara ya kwanza kaka kuwa ukutani kwetu. Asubuhi nilimsikia mama akimsalimia. Alimpa tena habari za mtaani, kwa sauti ya chini, kama enzi za benchi. Nilikuwa nikifunga kamba za viatu nikijidanganya kwamba tumepona.

Tatizo likawa wageni. Nyumba yenye mtu wa kwenye kitabu haikosi wageni. Walikuja majirani, wakaja walimu, wakaja watoto wa darasa la tano wameshika vitabu vyao, wanataka kumwona bibi wa ukurasa wa arobaini. Na kila mmoja alinyoosha kidole.

"Bibi, huyu ni nani?"

Mara ya kwanza mama alimeza mate, akanitazama, akasema, "Ni yule msaliti." Hakuwa na jibu jingine. Kumtundika ukutani kuliruhusiwa kwa jina hilo tu.

"Alifanya nini, bibi?"

"Si kitabu kimewaambia? Alifunga geti."

Baada ya mwezi hakumeza mate tena. Baada ya miezi sita alikuwa na maneno yake mwenyewe, geti lilikuwa la rangi gani, komeo lililia vipi, alivyousokota ufunguo kabla ya kuutia mfukoni. Watoto walikaa chini kimya kumsikiliza. Alisimulia vizuri, kwa utulivu, hakuongeza wala kupunguza, na mimi niliyekuwa naijua sauti ile tangu utotoni nilitoka nje nikisingizia joto. Siku ya karakana ilipofika mwaka ule hakunikalisha. Niliandaa viti viwili mapema, nikajitia hamnazo, nikasubiri. Alinipita, akaenda kuanua nguo.

Kisha ikaja alasiri moja ya mvua. Hapakuwa na mgeni, na asingekuja mtu kwa mvua ile. Mama alikuwa anashona kiraka kwenye suruali yangu ya kazini, mimi naziba dirisha linalovuja. Akainua macho ukutani.

"Na jinsi alivyokuwa mcheshi," akasema. "Kumbe moyoni alishawauza wenzake."

"Mama, hakuna mgeni."

"Najua."

"Tuko wawili tu. Huna haja ya kusema hivyo."

"Nasema lililotokea."

Nikaacha dirisha. "Alitoka kwa dirisha la nyuma," nikamwambia. "Akasikia mwenzake anaita, akarudi. Paa likamshukia."

"Nani kakwambia?"

"Wewe! Umenisimulia kila mwaka tangu nikiwa na miaka kumi na tisa."

Alichoma sindano kwenye kitambaa, akaiacha hapo. "Nilikuwa mzazi," akasema. "Mzazi atasema nini? Na yule mchomeleaji alikuwa mgonjwa, anaweweseka."

"Hakuweweseka, mama. Nilikuwepo. Alikaa pale pale ulipokaa."

"Basi kama alirudi kumtoa mtu," mama akasema, "kama hakufunga geti lolote, mimi nilimpiga kwa nini?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilikuwa na jibu, nilikuwa nalo mdomoni limekamilika: ulimpiga kwa sababu nilikuambia, nilikushika kiwiko nikakusukuma, nilijua miezi mitatu na sikukwambia, nichukie mimi. Maneno hayo hayangechukua hata nusu dakika. Lakini angenichukia kweli, na mimi sina mtu mwingine duniani.

"Niambie," mama akasema. Alikuwa amenishika mkono wa shati kwa vidole vyote vitano. "Wewe ulikuwepo, unasema. Niambie alifunga geti."

"Alifunga, mama."

"Kwa nje?"

"Kwa nje."

"Na ufunguo?"

"Aliutia mfukoni."

Akaniachia. Akavuta pumzi ndefu, akaichomoa sindano, akaendelea kushona, na kiraka kilipokwisha akaniambia niijaribu nione kama haibani. Nikaijaribu. Siku hizi hakuna anayejua kwamba kaka yangu alirudi ndani isipokuwa mimi, na mimi nimeshamwambia mama yangu kwamba hakurudi.